Kwa nini busta ya mwani haikuziokoa kunde zako

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nalima kunde na choroko ekari tatu huku Chamwino, mkoani Dodoma, kwenye udongo wa kichanga. Msimu uliopita mvua ilikatika mwezi wa pili. Nilinunua chupa ya busta ya mwani kwa wakala wa pembejeo, nikapulizia mara mbili kunde zikiwa zimeanza kunyauka, lakini sikuona tofauti yoyote. Jirani yangu anasema maji ya majani ya mlonge yanafanya kazi hiyohiyo na ni ya bure. Je, hivi vichocheo vya asili vinasaidia kweli mikunde kwenye ardhi kavu, au ni biashara ya watu tu? Na je, naweza kuvichanganya na dawa ya wadudu nikapulizia mara moja?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe. Vichocheo vya asili vinaweza kuisaidia mikunde kwenye ardhi kavu, lakini vinasaidia kabla ukame haujauma. Ukishauma, kazi yao imekwisha. Wewe uliita fundi nyumba ikiwa imeshaezuliwa na upepo, na sikulaumu, kwa sababu lebo nyingi za chupa hizi zimeandikwa maneno "huzuia athari za ukame" bila kumwambia mkulima ni lini apulizie. Huenda busta uliyonunua ilikuwa nzima kabisa na bado isingeweza kukufaa kwa wakati ule.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Dukani karibu kila kimiminika cha kupulizia majani kinaitwa busta, ingawa ndani yake mna vitu vya aina tofauti. Kuna chupa ambazo ni mbolea ya majani, yaani naitrojeni, zinki na madini mengine yaliyoyeyushwa, na nyingine ni vichocheo halisi. Umoja wa Ulaya, katika Kanuni yake namba 2019/1009 iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2022, ulikifafanua kichocheo kwa kazi yake: ni kitu kinachoamsha michakato ya lishe ya mmea bila kutegemea virutubisho vilivyomo ndani yake, ili mmea utumie vizuri zaidi chakula kilichopo, au ustahimili joto, chumvi na ukame, au utoe mazao bora zaidi, au ufikie virutubisho vilivyofungwa ardhini. Hatulazimiki kufuata sheria za Ulaya Chamwino, lakini fafanuzi hiyo inatuondolea mkanganyiko mmoja mkubwa. Kichocheo hakilishi mmea wala hakiunyweshi. Kama ardhi haina fosforasi, au maji yamekwisha kabisa kwenye kina cha mizizi, hakuna cha kuchochewa.

Chukua hesabu hii ndogo. Kwa kunde zilizofunika ardhi, ekari moja huchukua mapampu kama kumi ya mgongoni ya lita 16, yaani lita 160 za maji. Mvua ya milimita moja tu ikinyesha kwenye ekari hiyohiyo inaleta zaidi ya lita 4,000. Kwa hiyo ukiona mkulima anasema mimea ilichangamka kwa sababu ya maji aliyopulizia, jua kwamba maji hayo hayafikii hata sehemu ya ishirini ya manyunyu.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya kunde zako mwezi ule wa pili. Udongo unapoanza kukauka, mizizi huhisi kabla ya majani. Mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huamrisha vitundu vya hewa vilivyo kwenye majani vijifunge ili maji yasipotee. Vitundu vikijifunga, hewa ya ukaa haiingii, na utengenezaji wa chakula hupungua. Jani huacha kukua, na ngozi yake ya juu hukakamaa. Ukipulizia wakati huo, hasa saa nne au saa tano asubuhi jua likiwa limepamba moto, matone yanakauka juu ya jani kabla hayajapenya, na hata yale yanayopenya yanakuta mmea uliokwisha kusimamisha shughuli zake. Kichocheo cha mwani au cha mlonge hufanya kazi kwa kuuambia mmea ukuze mizizi zaidi, ulinde utando wa seli zake na utengeneze mapema vitu vya kujikinga. Amri hizo zinahitaji siku kadhaa, na zinahitaji mmea wenye nguvu ya kuzitekeleza.

Kwa mikunde kuna jambo la ziada, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na mavuno yako. Kunde na choroko hupata sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani, kupitia bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Bakteria ndio wanaoibadilisha, na mmea unawalipa kwa sukari. Ushirika huu ni dhaifu mbele ya ukame kuliko jani lenyewe. Vinundu hupunguza kazi wakati majani bado yanaonekana mabichi. Kunde na soya ziko katika kundi linalosafirisha naitrojeni kutoka kwenye vinundu kwa umbo la kemikali ziitwazo ureidi, na kundi hili kwa kawaida huathirika mapema zaidi kuliko mikunde ambayo haizitegemei ureidi. Ndiyo maana unaweza kupata mvua ya kumalizia mwezi wa tatu, kunde zikasimama tena, zikatoa maua, halafu maganda yakawa na punje mbili tatu nyembamba. Maji yalirudi, lakini kiwanda cha chini hakikurudi kwa kasi ileile.

Kwa hiyo kabla hujanunua chupa nyingine, nenda ukakague kiwanda hicho. Fanya hivyo wiki ya tano tangu kuota, asubuhi, udongo ukiwa na unyevu. Usiing'oe kunde kwa kuivuta shina, kwa maana vinundu vitabaki ardhini na utadhani havikuwepo. Chimba kwa jembe kiasi cha shubiri moja kuzunguka shina, inua bonge zima, litumbukize kwenye ndoo ya maji uliacha dakika kumi, kisha litikise taratibu mpaka mchanga uanguke wenyewe. Utaona vijipira vimeng'ang'ania mizizi, vikubwa vikiwa karibu na mzizi mkuu. Chukua kimoja, kikate katikati kwa ukucha wa kidole gumba. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, ndugu wa kile kinachoipa damu yetu wekundu. Kikiwa cheupe kwenye mmea mchanga, bado hakijaanza. Kikiwa cha kijani au cha kijivu, na kinalainika kama ugali uliolala, kimeshazeeka au kilikuwa cha bakteria wavivu. Rudia kwa mimea kumi uliyoichukua pembe tofauti za shamba, maana mmea mmoja unaweza kukudanganya.

Ukikuta vinundu vingi vyekundu, bakteria ulionao wanatosha, na hela ya kununua wengine itunze. Kunde, choroko, njugu mawe na mbaazi hazichagui sana; zinakubaliana na bakteria wengi wa kundi la Bradyrhizobium walioko katika udongo wetu tangu zamani. Soya ndiyo yenye kuchagua, na ndiyo ambayo kwa kawaida huonyesha tofauti ya kumshangaza mtu ikipandwa mara ya kwanza kwenye shamba jipya na bakteria wake. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiliwahi kutengeneza bakteria wa aina hiyo kwa jina la Nitrosua, na Kenya kuna Biofix. Kama vinundu vyako ni vichache, au shamba limekaa miaka mingi bila mkunde wowote, au unataka kujaribu soya, hapo kununua kuna maana, ila uhakikishe pakiti imeandikwa zao unalopanda. Bakteria wa soya si lazima wakusaidie kwenye kunde.

Na ukinunua, kumbuka kwamba umenunua viumbe hai. Nimewahi kuchukua pakiti za bakteria kwenye duka moja, nikaharakishwa na mvua, sikuuliza zilikuwa zimehifadhiwa wapi. Baadaye nilizikumbuka: zilikuwa dirishani, upande wa jua la mchana, zimepangwa pamoja na betri za tochi. Soya iliota vizuri, ikafika wiki ya nne ikawa ya manjano shamba zima, na kila mzizi niliouosha ulikuwa msafi kama waya. Tangu siku ile nauliza kwanza pakiti imekaa wapi na inaisha muda lini, ndipo nauliza bei. Ukifika nyumbani iweke mahali pa baridi na giza. Siku ya kupanda, lowanisha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari au gundi ya mgunga, nyunyiza unga wa bakteria, geuza mpaka kila mbegu ipakwe, ufanye hayo yote kivulini, upande siku hiyohiyo na kufukia mara moja. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua ukungu haziwapokei bakteria hawa vizuri, dawa inawaua.

Bakteria pia hawafanyi kazi bila fosforasi, kwa sababu kubadilisha naitrojeni ya hewa kunatumia nishati nyingi sana, na nishati katika seli husafirishwa kwa fosforasi. Hili ndilo tatizo ambalo busta hailitatui hata ukinunua katoni nzima. Fanya kipimo cha udongo kupitia afisa ugani wako. Kama fosforasi iko chini na udongo una uchachu, mbolea ya Minjingu inayotoka mkoani Manyara inafaa, kwa kuwa mawe ya fosfeti huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Kama udongo wako hauna uchachu, mbolea ya fosforasi iitwayo TSP itakupa matokeo ya haraka zaidi. Kiasi kidogo kwenye shimo la mbegu, kikitengwa na mbegu kwa udongo kidogo, ni bora kuliko kingi kilichomwagwa juu. Urea usiiguse kwenye kunde. Ukiilisha naitrojeni ya bure, inaacha kujisumbua kutengeneza vinundu.

Kuna kichocheo kingine ambacho tayari unacho, hukioni, na pengine unakiua mwenyewe kila mwaka. Ni kuvu za mizizi ziitwazo mikoriza, ambazo huingia ndani ya mzizi na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazofika kwenye vipenyo vya udongo ambavyo mzizi hauwezi kupenya. Kupitia nyuzi hizo mmea hupata fosforasi, na wakati wa ukame hupata hata maji kidogo yaliyobaki. Kunde, choroko, mtama na uwele zote hushirikiana nazo. Nyuzi za kuvu hizi zinavunjwa na kulima mara kwa mara na kuachwa kwa ardhi tupu. Wazee wa Ugogo wanaoberega, yaani wanaosafisha shamba na kupanda bila kutifua, walikuwa wakizilinda bila kujua jina lake, ingawa kuchoma mabaki kulikoambatana na kuberega kulipoteza faida nyingine. Ushauri wangu ni kwamba kunde zifuate mtama au uwele, usitifue kuliko inavyohitajika, na mabaki uyaache juu. Najua mifugo na mchwa watachukua sehemu yao. Hata theluthi ikibaki si haba. Kuvu za kununua kwenye pakiti sikushauri kwa ekari tatu za kunde, kwa kuwa bei yake haiendani na zao hili.

Turudi kwa jirani yako na mlonge wake. Hajakosea, ila neno "hiyohiyo" limezidi kidogo. Majani machanga ya mlonge yana homoni za mmea ziitwazo saitokinini, hasa ile iitwayo zeatini, ambayo huchelewesha jani kuzeeka na kulifanya libaki kijani na kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Yana pia vitamini na madini ambayo husaidia seli kujikinga na madhara ya joto. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimetumia uwiano mmoja ambao hata mimi nimeuona unafaa, nao ni sehemu moja ya juisi kwa sehemu thelathini za maji.

Kata machipukizi na majani machanga asubuhi na mapema, uache yale magumu ya chini. Yatwange kwenye kinu safi na maji kidogo sana, kiasi cha kuyafanya yatoe juisi tu. Yakamue kwa kitambaa, kisha chuja tena kwa kitambaa kizito zaidi, la sivyo pua ya pampu itaziba na utashinda unaifungua na kuipuliza kwa mdomo. Juisi itakuwa ya kijani kizito yenye povu. Nusu lita ya juisi hiyo weka kwenye lita 15 za maji. Hapo umejaza pampu moja. Ongeza sabuni ya maji kizibo kimoja cha soda ili mchanganyiko ushike kwenye jani la kunde, ambalo ni laini na huteleza. Pulizia ndani ya saa chache tangu kukamua, kwa sababu juisi huchacha na viambato vyake huharibika upesi kwenye joto letu. Ile iliyolala usiku kucha kwenye ndoo imwage kwenye shimo la mboji.

Usishawishike kuongeza ukali. Vitu hivi hufanya kama homoni, na homoni ikizidi hugeuka. Juisi nzito ya mlonge inaweza kudumaza miche michanga na kuunguza kingo za majani. Nimeona mtu aliyeweka lita tatu kwenye pampu moja kwa hoja kwamba cha asili hakina madhara. Kunde zake zilijikunja kama zimepatwa na virusi.

Muda wa kupulizia ndio uliokukosesha msimu uliopita, kwa hiyo uweke kwenye daftari. Pampu ya kwanza iwe siku 15 hadi 20 tangu kuota, mmea ukiwa na majani matatu yaliyokwisha kukomaa, udongo ukiwa bado na unyevu. Ya pili iwe pale vitumba vya maua vinapojitokeza, ambapo kwa kunde za muda mfupi ni kati ya siku 35 na 45. Kama ukiona mvua imekaa siku sita au saba bila kunyesha na kunde bado zinasimama wima mchana, waweza kuongeza moja hapo katikati. Zikishaanza kulegea saa tano asubuhi na hazisimami tena jioni, weka pampu chini. Upulizie alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, wakati vitundu vya hewa viko wazi na matone yanakaa muda kabla ya kukauka.

Kuhusu mwani, kuna jambo ambalo huwa linanikera kidogo. Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu 1989, aina zinazoitwa na wakulima spinosamu na kotonii, na kazi hiyo imebebwa zaidi na wanawake wa pwani wanaouuza ukiwa mkavu kwa bei ya chini. Wakati huohuo, chupa nyingi za busta ya mwani zilizoko madukani duniani zinatokana na mwani mwingine, Ascophyllum nodosum, unaovunwa kwenye bahari baridi za Kanada, Ayalandi na Norwei. Watafiti wa India wamekamua maji ya kotonii, mwani uleule wa kwetu, na kuyapulizia kwenye soya ya kutegemea mvua kwa viwango vya asilimia 2.5 hadi 15, wakapata ongezeko la mavuno. Soya yao si kunde yako na udongo wao si wa Chamwino, lakini inaonyesha kuwa malighafi tunayo. Kabla mtu hajaitengeneza hapa kwa viwango vinavyoeleweka, usichemshe mwani mkavu wa sokoni ukaupulizia: una chumvi ya bahari, na kwa mtu ambaye tayari anapigana na ukavu, kuongeza chumvi kwenye jani na udongo ni kujikata mguu. Ndugu zetu wa mabonde ya Bahi, ambako chumvi iko ardhini tayari, wajihadhari zaidi.

Ukinunua ya chupa, soma lebo. Itaje aina ya mwani, kiasi cha kuchanganya na umri wa zao, iwe na tarehe ya mwisho, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Ikijisifu kwamba inafaa mazao yote, magonjwa yote na udongo wote, irudishe kwenye rafu. Na ikiwa na naitrojeni nyingi, ujue kuwa ule ukijani utakaouona baada ya siku tatu ni wa mbolea.

Chai ya mboji na chai ya samadi, yaani maji yaliyolowekwa mboji au samadi, zinatajwa sana, nami sizipingi zikimwagwa ardhini kwenye shina. Kuzipulizia juu ya kunde ni jambo jingine. Majani ya kunde ni mboga, yanachumwa na watoto wakitoka shule na kupikwa jioni. Samadi iliyovundikwa kwenye ndoo inaweza kuwa na vimelea vya tumbo ambavyo havifi kwa kusuuza tu. Kwa hiyo chai hizo ziishie chini.

Lipo pia jambo la bure kabisa ambalo huwa linasahaulika kwa sababu halina chupa. Loweka mbegu za kunde au choroko kwenye maji safi usiku kwa muda wa kama saa nane hivi, uzitoe, uzianike kivulini mpaka ngozi ikauke, kisha upande siku hiyo kwenye udongo uliolowa. Zinaota mapema na kwa pamoja, na kwenye msimu mfupi kama wenu siku mbili za mwanzo zina thamani kubwa mwishoni. Usifanye hivyo kama unapanda kwenye vumbi ukisubiri mvua. Mbegu iliyoamshwa haiwezi kulala tena.

Hayo yote yanategemea maji yaliyoingia ardhini. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi huja kwa dhoruba chache zinazokimbilia korongoni. Kijiji cha Chololo kiko mkoani kwako, na mashimo ya kupandia yaliyopewa jina lake yana upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, hatua ya sentimita 60 shimo hadi shimo na sentimita 90 mstari hadi mstari, ndani yakiwa na samadi, mabaki ya mazao na majivu ya kufukuza mchwa. Kwa nafasi hizo ekari moja ina mashimo karibu 7,500, kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni kazi nyepesi. Anza na robo ekari, na kwingine weka matuta yaliyofungwa kwa vizuizi kila baada ya hatua mbili au tatu, ili maji ya dhoruba yasimame badala ya kukimbia. Kama ingebidi nichague kati ya chupa na jembe kwa ajili ya shamba lako, ningechagua jembe mwaka wa kwanza na mlonge mwaka huohuo, na chupa ningeiacha mpaka vipimo viniambie vinginevyo.

Vipimo hivyo ni hivi. Msimu ujao usipulizie shamba lote. Gawa sehemu iliyo sawa kwa udongo na mteremko kuwa vipande vyembamba, kila kimoja mistari minane: kimoja mlonge, kimoja busta ya chupa, kimoja maji matupu yenye sabuni kidogo, kisha urudie mpangilio huo mara tatu kwa kuubadilisha. Weka vigingi. Kile cha maji matupu ni muhimu, vinginevyo hutajua kama ni dawa au ni macho yako yanayotaka kuona dawa. Wakati wa kuvuna, acha mistari miwili ya kila upande, vuna mita tano za ile minne ya katikati, kausha, pukuchua, pima kwa mizani ya duka, uandike. Kisha gawanya gharama ya kupulizia ekari moja kwa bei ya kilo ya kunde siku ya kuuza; hizo ndizo kilo ambazo busta lazima ikuongezee kwa ekari ili irudishe hela yake, kabla hujahesabu jasho lako.

Swali lako la mwisho, la kuchanganya na dawa ya wadudu. Usichanganye. Mwani wa chupa mara nyingi hutolewa kwa magadi makali na hubaki na hali ya ubesi, yaani kinyume cha tindikali, na baadhi ya viuadudu huvunjika vikiingia kwenye maji ya namna hiyo, kwa hiyo utapulizia viwili na kupata kimoja au kukosa vyote. Juisi ya mlonge nayo ina chembechembe na protini zinazoweza kugandana na baadhi ya dawa ndani ya pampu. Tenganisha kwa siku mbili au tatu, na uoshe pampu vizuri katikati. Kwenye kunde dawa inahitajika hasa kwa vidukari mwanzoni, kisha thripi na viwavi wakati wa vitumba na maganda, nao wakishambulia hakuna kichocheo kitakachorudisha ua lililoanguka. Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kwa kipimo cha lebo. Ipulizie jioni, kwa kuwa ua la kunde hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya saa sita, na nyuki huwa wamekwisha kuondoka. Kisha waambie nyumbani wasichume mboga kwenye kipande hicho mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Tenga mistari michache karibu na nyumba isiyoguswa na dawa kabisa, hiyo iwe ya mboga.